Mjuzi wa Michezo Nisiyowahi Kuicheza

Wenzangu wanalalamikia wakubwa wao kazini. Mimi nalalamikia dadu. Ninazo za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, zote zimo kifukoni zinasubiri kazi kama vijana waliomaliza chuo.

Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons mwaka 1974. Tangu hapo watu wanaketi mezani, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya wachawi na mashujaa, dadu inaamua nani apone. Mimi nasoma tu vitabu vya kanuni zake. Nasoma mpaka majedwali! Niulize upanga unapunguza uhai kiasi gani, nitakujibu nikiwa usingizini. Niulize nimecheza lini, utaniona natafuta miwani.

Tatizo ni watu. Unamwalika mtu, anauliza, "Anashinda nani?" Hakuna anayeshinda. "Unaisha lini?" Unaweza kwenda miaka. Hapo hapo anakumbuka ana mgonjwa wa kwenda kumwona. Shemeji yangu angalau alikishika kitabu, akakipima uzito mkononi, akakirudisha taratibu. "Shem, huu ni mchezo au mtihani?"

Basi nikajisemea, kuna Traveller. Huo wa mwaka 1977 unaweza kumwandaa mhusika ukiwa peke yako. Unamwingiza jeshini, na kwa kila miaka minne ya utumishi unarusha dadu mbili kuona kama kasalimika. Namba isipotosha, amekufa, na mchezo wenyewe bado haujaanza! Wangu nilimpa jina, nikampa na mwendo wa kutembea, wa madaha kidogo. Dadu zikaviringika, moja ikatulia kwenye moja, ya pili ikayumbayumba ukingoni mwa kitabu, nayo ikalala kwenye moja. Buriani. Mke wangu akapita, akanikuta nimeshika tama.

"Kuna msiba?"

Ningemwambia nini? Kwamba amefariki mtu ambaye hakuwahi kuwapo, kabla ya mchezo ambao hauna wachezaji?

Traveller walau huua kwa bahati mbaya. Paranoia, wa mwaka 1984, naona walinikusudia. Humo kompyuta ndiyo serikali, na mchezaji anayeonyesha kwamba anazijua kanuni ni msaliti, haki yake kuuawa. Sasa mimi nisiyejua kingine ila kanuni! Wanakupa nakala sita za mhusika wako, akifa huyu analetwa mwingine. Zangu zingekwisha kwenye salamu.

Ninaoupenda kuliko yote ni Pendragon wa Greg Stafford, uliotoka 1985. Unakuwa askari wa farasi wa Mfalme Arthur, yule wa hekaya za Uingereza. Kila majira ya baridi unahesabu mapato ya shamba, unatafuta mchumba, unarusha dadu kujua kama wanao watauvuka mwaka. Ukizeeka, mwanao anachukua silaha na kuendelea. Na kwa jinsi marafiki zangu wanavyoahirisha, kiti changu atakikalia mwanangu wa kumzaa.

Juzi jirani kanigongea, macho yanamng'aa. Amepata watu wanne, wana hamu, Jumamosi wako huru wote. Nikamshika mkono kwa nguvu.

"Sisi hatujui chochote," akasema, "kwa hiyo wewe mzoefu ndiye utakayetuchezesha, sivyo?"

Nikamwambia Jumamosi hiyo, bahati mbaya, nina mgonjwa wa kwenda kumwona.