Mwili sio gari, tuache kusema unachakaa

Kuna kauli moja inaniumiza kila nikiisikia, eti mwili ni kama gari, ukiutumia sana unachakaa afu unazima. Hapana jamani. Chukua panya mdogo wa nyumbani, hata umfuge vizuri kiasi gani, akifika miaka 3 huyo kazeeka kabisa. Sasa kuna popo wa gramu 7 hivi kule Siberia, watafiti walimvisha pete wakamwachia, wakaja kumkamata tena baada ya miaka 41 na bado yuko hai! Na kuruka ni kazi nzito mno, moyo wake unapiga kwa kasi ya kutisha, yaani kama ishu ingekuwa kuchakaa basi popo ndo angetangulia kufa.

Gari halijitengenezi lenyewe, mwili unajitengeneza kila sekunde, DNA ikikatika inaungwa, protini mbovu zinavunjwa zinaundwa mpya. Kwahiyo swali la maana ni kwanini ukarabati huo unalegea, na kwanini kwa panya unalegea mapema hivyo. Jibu la mtafiti wa uzee Thomas Kirkwood la mwaka 1977 mimi naliona limetulia: chakula na nguvu havitoshi kila kitu, kiumbe lazima agawe kati ya kuzaa na kujikarabati. Panya porini ataliwa tu, mara nyingi hata mwaka haumalizi, sasa mwili wa kudumu miaka 30 ni wa nini, bora azae haraka haraka. Popo anaruka, maadui wengi hawampati, kwahiyo kwake kujikarabati kunalipa.

Afu mwaka 1993 mtafiti mwingine, Cynthia Kenyon, na wenzake wakaonyesha kwamba minyoo wadogo wenye hitilafu kwenye jeni moja tu, inaitwa daf-2, wanaishi mara mbili ya wenzao. Jeni moja!

Nalisema hili kwa uchungu kwasababu ile kauli ya gari inafanya tuwakalishe wazee. Msuli na mfupa vinataka kutumika, ndo vinapata taarifa ya kujijenga, ukivipumzisha vinapungua. Bibi yangu alikuwa anatembea vizuri tu, sisi wenyewe wajukuu tukawa tunamwambia bibi kaa, usijichoshe, kila kitu tunamletea pale pale alipo, tukiamini tunamtunzia mwili. Haukupita mwaka, kuinuka tu kwenye kiti ikawa mpaka ashikwe mikono yote miwili.