Bakteria wa naitrojeni baharini nao wanakula jamani

Kila nikisoma kuhusu bakteria wa baharini wanaovuta naitrojeni ya hewani na kuivunja iwe lishe, nakuta wameelezwa kama majani tu, yaani wakipata jua na madini kidogo basi yameisha. Mi nakataa. Hawa viumbe wanakula pia, na tukiacha hilo nje ya hesabu hatutawaelewa.

Maji ya bahari yamejaa mabaki ya uhai yaliyoyeyuka, sukari, asidi amino, vitu vinavyovuja kwenye mwani ulio hai na uliokufa, ukijumlisha yote ni kama tani bilioni 660 za kaboni. Nyingi ni kuukuu na ngumu kuvunjika, ila ile laini inagombaniwa hapohapo. Sasa fikiria bakteria anayetaka kuvunja molekuli moja tu ya naitrojeni, anachoma molekuli zisizopungua 16 za ATP, yaani nishati ya seli, afu kimeng'enya chenyewe kinaharibika kikiguswa na oksijeni, kwa gharama hiyo nani ataacha chakula kilichoiva kimpite?

Trichodesmium, mmoja wa bakteria hawa, ndo mfano ninaoupenda. Ana usanisinuru kamili, anaweza kujitegemea kwa jua, lakini bado ameonekana akifyonza glukosi na asidi amino. Na kwenye Bahari ya Sargasso, kule Atlantiki, ambako fosfeti (fosforasi ambayo viumbe huitumia kirahisi) ni adimu mno, anatoa vimeng'enya vya kuikata fosfeti kwenye molekuli za mabaki, hata fosfonati ambazo fosforasi yake imeshikana moja kwa moja na kaboni na wengi hawaziwezi, yeye anazivunja. Baadhi ya vimeng'enya hivyo vya kukatia fosfeti vinahitaji chuma, chuma hichohicho kinachotakiwa kuvunja naitrojeni, kwa hiyo njaa ya kitu kimoja inavuta nyingine.

Halafu kuna UCYN-A, bakteria mwingine wa naitrojeni. Mwaka 2008 ilibainika kwamba hana sehemu ya usanisinuru inayopasua maji, kaboni yake anapewa na mwani anaoishi ndani yake, na mwaka 2024 watafiti wakasema huyu si mgeni tena, ameshakuwa kiungo cha seli, wakamwita naitroplasti. Mtu atamwitaje jani huyo?

Na huko chini gizani jeni za kuvunja naitrojeni zimekutwa kwa bakteria wasiotumia mwanga kabisa, wengi wao lazima waishi kwa mabaki.

Ndo maana naona modeli zinazokadiria naitrojeni ya bahari kwa mwanga, joto, chuma na fosfeti peke yake zinaacha pengo kubwa, tena pengo lenyewe linagusa hadi tabianchi, manake fosfonati ya aina ya methili ikivunjwa na Trichodesmium inaachia methani, gesi inayopasha dunia joto, juu kabisa kwenye maji yenye oksijeni tele, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walishindwa kueleza inatoka wapi. Mabaki haya yapimwe pamoja na fosfeti na chuma kila sampuli inapochotwa, isiwe kazi ya baadaye.