Mke wa Mwanajeshi na Simu Yake

Picha ya mwanajeshi aliyevaa sare inapoibwa mtandaoni na kugeuzwa chambo cha utapeli, lawama humwangukia kwanza mke wake, kwamba hakupaswa kuiweka hadharani. Hapa Nakuru, ambako kambi ya Lanet ni jirani yetu wa kila siku, rai hiyo hutolewa hata na watu wapole, na wapo wanaotaka familia za wanajeshi zipigwe marufuku kabisa kwenye mitandao ya kijamii.

Hoja yao ina uzito. Mapema mwaka 2018 ilibainika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava, iliyokusudiwa kuonyesha njia za wakimbiaji, ilikuwa imechora bila kukusudia umbo la kambi za Marekani huko Syria na Afghanistan. Majeshi yetu ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011 kupambana na al-Shabaab, na hilo ni kundi la wapiganaji linalojua kuutumia mtandao. Picha ya kumuaga baba siku ya safari yaweza kumwambia adui ni kikosi gani kinaondoka na lini.

Hata hivyo, wanaomlaumu mke huchanganya hatari mbili, ile ya adui anayetafuta kambi na ile ya tapeli anayetafuta pesa, na dawa ya hatari ya kwanza huichochea ile ya pili. Mtu anayepiga simu akijifanya mwenzake mume kikosini, akidai kwamba mume amejeruhiwa na zinahitajika fedha za kumsafirisha leo hii, silaha yake kuu ni ukimya. Mke amezoea kukaa majuma bila habari, ameambiwa asiulizeulize, na kwa M-Pesa fedha huwa zimekwisha kutoka kabla moyo haujatulia.

Tusisahau El Adde. Kambi hiyo ya majeshi yetu huko Somalia ilivamiwa na al-Shabaab tarehe 15 Januari 2016, na wengi wa waliokuwa humo walitoka kikosi cha Eldoret, karibu na kwetu. Ibada ya kumbukumbu ilifanyika Moi Barracks, kambi ya Eldoret, tarehe 27. Katikati zilipita siku 12. Katika siku hizo serikali haikutangaza idadi ya waliokufa, huku picha za miili zikisambaa kwenye simu, na hata baada ya ibada baadhi ya familia zilikuwa bado zinangoja vipimo vya DNA. Rais wa Somalia alipotaja baadaye kwamba waliouawa ni karibu 200, jeshi lilikanusha. Huwa nazirudia siku hizo 12 kwa sababu mtu asiyeambiwa neno na mwenye habari humsikiliza yeyote anayedai kuwa nazo, na hapo hata mtu mwerevu hulaghaiwa.

Wapo watakaosema sheria inatosha. Ile ya makosa ya mtandao ya 2018 inamtishia anayejifanya mtu mwingine kwa kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya hadi shilingi 200,000, lakini kesi hufunguliwa wakati fedha zimekwisha kwenda. Wanaotaka marufuku nao wasome Kifungu cha 24(5) cha Katiba, kinachoruhusu sheria kupunguza haki ya faragha ya wanaotumikia jeshi. Mke hatajwi humo, na uhuru wa kujieleza haumo katika orodha hiyo, hata kwa mwanajeshi mwenyewe.

Ninachokiona kuwa na manufaa zaidi ni kila kambi kuwa na nambari moja ya simu inayopokewa usiku na mchana, na kila mume na mke kukubaliana, kabla ya safari, juu ya neno la siri ambalo mjumbe wa kweli atalitaja. Makamanda watahofu kwamba nambari hiyo itavujisha siri za vita. Lakini anayeipokea hahitaji kusema kikosi kiko wapi wala kimepatwa na nini. Anaulizwa jambo moja tu: ujumbe huu niliopata sasa hivi umetoka jeshini, au haukutoka?