Vitamini C, kisukari na ngozi ya kupandikiza: daktari anayekataa dripu ana sababu

Mgonjwa wa kisukari akipandikizwa ngozi kwenye kidonda cha mguu, ndugu hufika wodini na vitamini C na E, wengine wakiomba kabisa atundikiwe dripu. Daktari akikataa, huonekana anambania mgonjwa.

Wanaozitetea vitamini hizi, ambazo ni antioksidanti, yaani huzima radikali huru (molekuli zisizotulia zinazoweza kuharibu seli), wana hoja. Sukari ikikaa juu, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hutoa radikali huru kupita kiasi, na mishipa mipya ya damu huota kwa shida, wakati ngozi ya kupandikiza inaitegemea mishipa hiyo kufa na kupona. Majaribio mengi ya panya waliosababishiwa kisukari yameonyesha vidonda vikifunga haraka zaidi walipopewa antioksidanti.

Ila panya hujitengenezea vitamini C kwenye ini, binadamu hawezi. Kidonda cha panya pia hufunga zaidi kwa ngozi ya pembeni kujivuta, chetu kwa seli mpya kutambaa juu ya nyama. Halafu radikali huru zina kazi yake: seli nyeupe huzitumia kuulia bakteria, na zikiwa kidogo huashiria mishipa ianze kuchipua. Kwa mwenye kisukari, seli nyeupe tayari zinaua kwa ulegevu. Kuzizima radikali hizo mwili mzima, katika wiki ambayo kidonda kinazihitaji, si jambo la kuchukulia kirahisi.

Tazama wiki hiyo ilivyo. Ngozi yenye unene wa kama milimita 0.2 hadi 0.4 hukwanguliwa, mara nyingi pajani. Kwa saa 24 hadi 48 huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Kisha mishipa yake huanza kuungana na ya chini, na kati ya siku ya nne na ya saba damu huwa inapita. Kinachoiua katikati hapo ni damu au majimaji yaliyokusanyika chini yake, maambukizi, au kuteleza kwa kusuguliwa. Hakuna kidonge kinachoondoa damu iliyoganda hapo chini. Dawa yake ni kuzuia damu vizuri kwenye meza ya upasuaji, kutoboa matundu kwenye ngozi ili majimaji yatoke, kuifunga isisogee, na kuuinua mguu.

Kuna hatari moja inayostahili kuzungumzwa zaidi. Mashine nyingi za sukari husoma umeme unaotokana na elektroni za sukari kwenye stripu. Vitamini C nayo hutoa elektroni, hivyo baada ya dripu yenye dozi kubwa baadhi ya mashine husoma juu kwa uongo. Tuseme sukari halisi ni 5 mmol/L, mashine ikaonyesha 14. Muuguzi anachoma insulini, sukari halisi inashuka mno, mgonjwa anatokwa jasho na kuchanganyikiwa, anapimwa tena, na mashine ileile inasema sukari bado iko juu, kwa hiyo anachomwa tena. Usomaji huo wa uongo hudumu zaidi kwa mwenye figo zilizochoka, na wagonjwa wa vidonda hivi wenye figo za namna hiyo ni wengi. Aliyekwisha kutundikiwa dripu hiyo apimwe sukari maabara, kwa njia ya heksokinesi, isiyosoma elektroni hizo.

Figo hizohizo huweza kuumizwa na oksaleti, chumvi inayoweza kuganda ndani yake, inayotokana na vitamini C nyingi. Pwani yetu nako, penye malaria ya vizazi na vizazi, upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, si nadra, na kwa mtu wa aina hiyo dozi kubwa ya mshipani huweza kupasua seli nyekundu.

Upungufu halisi ni habari nyingine. Bila vitamini C kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu, haikazi, na wapo wanaoacha matunda yote kwa kuogopa sukari. Fizi zikitoka damu kwa upungufu huo, mgonjwa apewe vitamini C kwa kipimo cha kawaida. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na gramu 100 za pera huwa na zaidi ya 200. Utafiti wa dawa zinazowekwa palepale kwenye kidonda, kama deferoksamini inayonasa madini ya chuma yanayochochea radikali huru, nao unastahili kuendelea. Lakini mwongozo wa 2019 wa IWGDF, kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, ulishauri vitamini zisitolewe kwa lengo la kuharakisha kupona badala ya matibabu bora ya kawaida.

Kabla ya upasuaji, ndugu waulize mambo matatu: damu inafika mguuni? Maambukizi yamekwisha? Sukari inashikiliwa katika kiwango anachotaka daktari? Fedha za chupa za dripu zinunue stripu za kupimia sukari, na apatikane mtu wa kukaa naye asiukanyagie mguu mpaka daktari afungue bandeji ya kwanza.