Kabla ya kununua king'amuzi Mwanza, tazama mlima kwanza

Watu wengi wakiniuliza king'amuzi gani bora wanataka niwatajie jina moja tu waende dukani. Sina jina la kumpa mtu kabla hajaniambia nyumba yake iko wapi. Iko juu ya mawe Mabatini au chini bondeni? Imetazama ziwa au imepewa kisogo na mlima? Iko Igombe ufukweni, au Nansio, ng'ambo ya maji? Kwa mji kama Mwanza majibu hayo yana uzito kuliko bei. Nasikitika kila nikipita madukani na kukuta mteja anaelezwa ofa, idadi ya chaneli na mwezi wa kwanza wa bure, lakini hakuna anayemuuliza anaishi upande gani wa mlima.

Ving'amuzi vyote vilivyopangwa kwenye rafu, kwa majina na rangi zake, vinapokea picha kwa njia mbili: antena au dishi. Kampuni moja inaweza kuuza vyote viwili. StarTimes wana cha antena na cha dishi, Azam vilevile. Kwa hiyo mtu akisema amenunua StarTimes au amenunua Azam, bado hajanieleza kitu. Nataka kujua kwanza waya wake unapanda kwenda kwenye fito za antena au kwenye sahani.

Cha antena kinategemea mnara uliosimama ardhini. Mawimbi yake ni ya UHF, yanakwenda karibu moja kwa moja na hayapendi kupinda. Yakikutana na mlima wa mawe yanaishia hapo, na nyuma yake panabaki kivuli kama kile ambacho nyumba inakitupa jua likiwa chini. Ndiyo maana hapa kwetu nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye king'amuzi cha aina moja na kifurushi kimoja, zinaweza kupata matokeo tofauti kabisa. Aliyejenga juu ya mwamba anaona mnara, anapata picha safi kwa antena ya bei ndogo. Jirani yake hatua chache chini ya jabali hapati kitu, na analaumu king'amuzi.

Jirani yangu, mama mtu mzima, aliteseka hivyo kwa muda mrefu. Fundi alimfungia antena kwenye pembe ya paa iliyokuwa karibu na TV ili asitumie waya mwingi, na pembe hiyo ilikuwa imekingwa na jiwe kubwa. Kila mara mama alipompigia, "Mwanangu, mbona picha inaganda tena?", jibu lilikuwa lilelile: "Mama, ni mtandao, subiri kidogo utakaa sawa." Haukuwa mtandao. Kijana mwingine alipohamishia antena upande wa pili wa paa na kuipandisha juu ya mlingoti, picha ilitulia siku hiyohiyo. Waya zaidi kidogo, mlingoti kidogo, basi. Nimekasirishwa na jambo hili kwa sababu mama yule alikuwa tayari anafikiria kununua king'amuzi cha kampuni nyingine, na kingemletea shida ileile kwenye pembe ileile.

Wanaokumbuka analojia watanielewa. Zamani mawimbi yakipungua uliona chenga, lakini sura ya msomaji wa habari ulikuwa bado unaiona na sauti ukiisikia. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ikazimwa hapa Mwanza tarehe 28 Februari 2013, zaidi ya miaka miwili kabla ya 17 Juni 2015, tarehe ya mwisho ya kuzima analojia iliyowekwa kwenye makubaliano ya nchi mbalimbali huko Geneva mwaka 2006. Tangu analojia izimwe hakuna tena picha ya nusunusu. Dijitali ikipata mawimbi ya kutosha inatoa picha safi kama ya kwenye kamera, yakishuka chini ya kiwango fulani picha inavunjika vipande, inaganda, halafu kioo kinakuwa cheusi. Kwa hiyo antena iliyokuwa "inatosha" enzi za chenga inaweza isitoshe sasa. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi chako utakuta mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Tazama wa ubora. Nguvu inaweza kuwa juu kwa sababu ya busta huku ubora uko chini kabisa, maana busta inakuza kila inachokipokea, pamoja na uchafu. Palipo na kivuli cha mlima busta haileti mawimbi ambayo hayapo.

Na antena ile ndogo ya kuweka juu ya TV, chini ya paa la bati, sipendi kuiona ikiuzwa kwa watu wa huku. Bati linazuia mawimbi. Inaweza kufanya kazi kwenye ghorofa yenye dirisha linalotazama mnara, lakini kwa nyumba zetu nyingi ni pesa ya kutupa.

Sasa dishi. Satelaiti zinazotumika kwa TV zinakaa juu ya ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, na sisi tuko karibu sana na ikweta. Kwa longitudo, Mwanza iko kama nyuzi 33 mashariki. Satelaiti inayobeba DStv iko nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo kwetu inakaa karibu utosini. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, yaani magharibi yetu, upande wa Sengerema na Geita ukiwa mjini, lakini nayo imepanda kiasi cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Hakuna mlima wa Mwanza unaofika huko. Kinachoweza kuziba dishi hapa ni mwembe wa jirani au ukuta wa ghorofa uliosimama ubavuni. Kwa mtu wa bondeni, nyuma ya jabali, dishi linamaliza ugomvi wote na mlima, na ningemwambia aache kupoteza pesa kwenye milingoti.

Tatizo la dishi ni mvua. Mawimbi ya satelaiti hizi yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua yanayameza na kuyatawanya. Ziwa letu ni kiwanda cha mawingu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati na kujenga mawingu mazito ya radi. Wakati wa masika na vuli mtu wa dishi atakosa picha mara kwa mara, na ajue mapema kwamba hiyo si hitilafu ya kuitia fundi. Wingu zito likipita picha inarudi yenyewe. Wapo mafundi wanaopanda juu ya paa baada ya mvua, wanagusagusa nati, wanashuka na kuomba hela. Usiwape.

Dawa ipo, nayo ni ukubwa wa sahani. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara mbili na robo ya dishi la sentimita 60, na ziada hiyo ndiyo akiba yako mvua ikianza. Mvua ya kawaida haitakukatia picha, itakukatia mvua kubwa tu. Sielewi kwa nini watu wa pwani ya ziwa wanauziwa sahani ndogo kana kwamba wanaishi mahali pakavu. Ukiambiwa seti inakuja na dishi dogo, uliza gharama ya kubadilishiwa kubwa. Mwambie fundi aikaze vizuri kwenye ukuta, maana upepo wa ziwani ukiisogeza hata kidogo tu lengo linapotea. Na radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa antena au dishi nyuma ya king'amuzi pamoja na umeme. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Nikishajua njia, ndipo ninakubali kuzungumza pesa. Hapa swali langu la kwanza ni moja: king'amuzi hiki kisipolipiwa kinaonyesha nini? Familia nyingi za huku hazipati mshahara wa tarehe 30. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikikomaa anapumzika, na nyumba nzima inaishi kwa mzunguko huo. Mama anayekaanga sangara sokoni anapata leo, kesho hapati. Kumuuzia mtu wa namna hiyo king'amuzi ambacho kifurushi kikiisha kinabaki kopo jeusi juu ya kabati ni kumnyima habari za nchi yake. TBC1, ITV, Channel Ten, EATV, na Star TV ambayo makao yake ni hapahapa Mwanza, ni chaneli za kutazamwa bila malipo. Mtu asikose taarifa ya habari, au hotuba ya bajeti, au tangazo la mlipuko wa kipindupindu, kwa sababu mwezi huu samaki wamegoma.

Wengi hawajasahau Agosti 2018, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozizuia kampuni za satelaiti za kulipia zisionyeshe chaneli za bure kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Watu waliokuwa na dishi tu waliamka hawana ITV wala Star TV, na ilibidi watafute king'amuzi cha pili cha antena kwa ajili ya habari. Sheria inaweza kuwa na sababu zake, lakini gharama ilimwangukia mtazamaji. Kwa hiyo usikubali maneno matupu dukani. Mwambie muuzaji awashe king'amuzi kisicholipiwa mbele yako, uhesabu mwenyewe chaneli zinazofunguka. Akikataa, nenda duka la pili. Na kama TV yako ni mpya, tazama kama ndani ina kipokezi cha DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali ya antena. Azima antena ya jirani, ichomeke moja kwa moja na usachi chaneli za dijitali kabla ya kununua chochote. Angalia ile namba 2, kwa sababu kipokezi cha zamani cha DVB-T hakisomi DVB-T2.

Kwa anayelipia, mpira ndio unaoamua nyumba nyingi, na sitajifanya vingine. Ligi Kuu Tanzania Bara iko Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa na TFF, shirikisho la soka, mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ukitaka Simba, Yanga na Pamba Jiji yetu, hapo hakuna mjadala. Ligi ya Uingereza iko DStv, na bei zake kamili si za kila mfuko. StarTimes wana vifurushi vya siku na vya wiki, na kwa mtu wa mzunguko wa mbalamwezi niliyemtaja hilo naliona la maana kuliko chaneli mia moja asizozitazama.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, Ukerewe, Ukara, Kome na kambi za wavuvi, mimi nashauri dishi bila kusita. Maji hayana mlima, ni kweli, lakini umbali na mviringo wa dunia vinamaliza mawimbi ya mnara. Wengi kule wanatumia sola, basi waangalie kibandiko cha adapta: ving'amuzi vingi vinatumia volti 12, na vinaweza kuungwa kwenye betri ya sola bila inveta inayokula chaji bure. Fundi wa sola anayejua kazi ataweka fyuzi na kuhakikisha chanya na hasi havijabadilishana. King'amuzi cha volti 12 pamoja na TV ya volti 12 vinakupa saa nyingi zaidi za kutazama kwa betri ileile.

Jambo moja bado linanikera, na nalisema kwa TCRA moja kwa moja. Nyumba yenye king'amuzi cha mpira, kingine cha habari na cha tatu kilichoachwa tangu 2013 si ya ajabu hapa mjini. Kila kampuni imefunga kopo lake lisisome kadi ya mwingine, na ukihama kampuni unanunua kopo jipya. Teknolojia ya kutenganisha kipokezi na kadi ya kampuni ipo kwa miaka mingi; Ulaya TV nyingi zina tundu la kuchomeka moduli ya kampuni unayoitaka. Tulibebeshwa gharama ya kuhamia dijitali mapema, na nadhani tuna haki ya kudai king'amuzi kimoja kinachofuata mwenye nyumba anapoamua kubadilisha kampuni. Mpaka hilo litokee, mwenye nyumba ya juu inayotazama mnara anunue cha antena chenye chaneli za bure, wa nyuma ya mlima na wa kisiwani anunue dishi la sentimita 90, na wote wadai kuona mstari wa ubora wa mawimbi kwenye kioo kabla ya kumlipa fundi.