Lord David Cecil: anza na Cowper, Melbourne atasubiri

Anayetaka kumsoma Lord David Cecil, Mwingereza aliyeandika maisha ya watu mashuhuri, kwa kawaida huelekezwa kwenye maisha ya Melbourne, Waziri Mkuu wa kwanza wa Malkia Victoria. John F. Kennedy alikitaja kitabu hicho kati ya vile alivyovipenda zaidi, na sifa hiyo imekibeba hadi leo. Kwangu mimi mlango sahihi ni "The Stricken Deer" cha 1929, maisha ya mshairi William Cowper.

Cecil alizaliwa 1902, kitinda mimba wa Marquess (cheo cha ukabaila) wa 4 wa Salisbury. Babu yake ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1890, Mjerumani alipopewa kisiwa cha Heligoland naye akaridhia Zanzibar iwe chini ya himaya ya Mwingereza. Mtu wa ukoo huo hakuhitaji kufundishwa jinsi watu wa tabaka la Melbourne walivyoongea, walivyotaniana na walivyooana. Kwa hiyo katika kitabu cha Melbourne kurasa za sebuleni zinang'aa. Shida ni kwamba anawapenda mno watu hao, na pale wanapostahili kubanwa, anawalegezea.

Kwa Cowper hana wa kumpendelea. Mwaka 1763 mshairi huyu alitakiwa kufanyiwa usaili mbele ya Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza, ili apate ukarani humo. Hofu ikamzidi, akajaribu kujiua, akapelekwa mjini St Albans kwa Dk. Nathaniel Cotton, aliyetunza wagonjwa wa akili. Baadaye akaishi katika mji mdogo wa Olney na rafiki yake Mary Unwin, akifuga sungura, akilima bustani na kuandika barua, huku akiamini kwamba Mungu amemkataa milele. Cecil haharakishi hapo. Anaonyesha jinsi ratiba ndogo ya nyumba, ya chai, matembezi na kusomeana jioni, ilivyomshikilia mgonjwa asianguke, na jinsi alivyoanguka hata hivyo. Aliyeandika hayo hakuwa ametimiza miaka 30! Tuzo ya Hawthornden, ya fasihi ya Uingereza, aliyopewa kwa kitabu hiki, aliistahili kabisa.

Kasoro kubwa ya kitabu hiki ni tanbihi, ambazo ni chache mno. Anaingia moyoni mwa mtu bila kukuonyesha ni barua ipi iliyomwingiza. Msome Cowper basi ukiwa na barua zake pembeni, uhakikishe mwenyewe. Kisha chukua "Two Quiet Lives" cha 1948, kuhusu Dorothy Osborne, mwandishi wa barua, na mshairi Thomas Gray. Melbourne, aliyeandikwa kwa mafungu mawili, 1939 na 1954, aje baada ya hapo, ukishajua mwandishi anapoelemea.