Mipangilio ya ruta kwa FTP: nani ambishie nani hodi?

Mtoa huduma mdogo wa intaneti mwenye wateja 300 kati ya Tudor, Kisauni na Likoni, Mombasa, akitaka kubadilisha anwani ya DNS (seva inayotafsiri majina ya tovuti) kwenye ruta zote, vile vifaa vinavyogawa intaneti nyumbani, ana njia mbili. Amtume fundi nyumba kwa nyumba, kazi ya dakika 5 imezwe na foleni ya feri. Ama akae ofisini, aandike faili moja ya maandishi, aisukume kwa FTP, njia ya kuhamisha faili mtandaoni. Wengi wameshachagua ya pili, na kwa gharama huwezi kuwalaumu.

Chukua ruta za MikroTik, zinazopendwa na watoa huduma wadogo. Faili ikipewa jina kama likoni.auto.rsc, ikishapakiwa tu kwa FTP ruta huitekeleza yenyewe, mstari kwa mstari, kisha matokeo hubaki kwenye likoni.auto.log. Hakuna seva ya kununua. Skripti fupi kwenye kompyuta ya ofisi inapita orodha ya anwani zote 300, halafu inarudi kuzoa zile log kuona nani amepokea na nani amegoma.

Lakini utekelezaji hukoma kwenye kosa la kwanza, na hapo ndipo watu huumia. Tuseme mstari wa kwanza unafuta sheria ya faiwali (ukuta wa kinga wa ruta) inayoiruhusu ofisi kuingia. Wa pili unaweka sheria mpya inayotaja pppoe-out1, jina la kiunganishi cha intaneti, kumbe kwa mteja huyu fundi aliita pppoe-wan. Mstari wa pili unakataliwa, wa kwanza umeshapita, na ofisi imejifungia nje. Feri inakungoja.

Kinga yake ni mpangilio: kipya kiwekwe kwanza, cha zamani kifutwe mwisho. Kabla ya yote, faili iiamuru ruta ihifadhi nakala ya mipangilio na ipange kuirejesha baada ya dakika 10. Ofisi ikiona mambo ni sawa, inafuta agizo hilo. Ofisi isipoweza kuifikia ruta, ruta inajizima, inawaka na mipangilio ya jana. Nakala hiyo ya .backup isihamishiwe ruta ya mteja mwingine, maana inabeba hadi anwani za MAC (kitambulisho cha kila kifaa), na ruta mbili zenye MAC moja kwenye mtandao mmoja ni balaa. Cha kugawia wengi ni ile .rsc ya maandishi.

Upande wa usalama, FTP ni mzee. Kanuni zake zinazotumika zilichapishwa Oktoba 1985, na hupitisha nywila waziwazi, yeyote aliye njiani akaisoma. Kibaya zaidi, nywila ile ya ruta 300 mara nyingi ni moja, na faili yenyewe huweza kubeba nywila za mteja za PPPoE (za kuingia kwa mtoa huduma) na za Wi-Fi. Zikivuja data za wateja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtoa huduma saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Watetezi hujibu: sisi tunapita mtandao wa ndani, si intaneti ya wazi. Wana hoja. Modemu za kebo zimesomeshwa mipangilio kwa TFTP, ndugu mwepesi wa FTP, tangu miaka ya 1990, na TFTP haina hata nywila. Ila mtandao wa ndani uwe wa ndani kweli: VLAN (mtandao uliotengwa) ya usimamizi peke yake, na huduma ya FTP kwenye ruta ikubali anwani za ofisi tu. Mteja akiweza kugonga poti 21, mlango wa FTP, ya jirani yake, hilo neno "ndani" ni pambo.

TFTP ina kasoro nyingine. Kwa kawaida hutuma vipande vya baiti 512 na kungoja jibu la kila kipande. Faili ya mipangilio ya KB 12 ni vipande ishirini na kitu, haina shida. Programu dhibiti (firmware) ya MB 16 ni vipande 32,768. Kila kimoja kikichukua milisekunde 40, hiyo ni kama dakika 22, na stima ikipotea katikati unaanza upya.

TR-069, kanuni ya mwaka 2004 ya kusimamia ruta kwa mbali, iligeuza mwelekeo: ruta ndiyo inayobisha hodi kwa seva na kuomba mipangilio. Haikumaliza hatari. Novemba 2016, ruta takriban 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom ziliyumba baada ya mashambulizi kupitia poti 7547, iliyokuwa wazi kwa kila mpita njia. Na seva ya TR-069 inataka mtu wa kuitunza.

Kwa wateja 300, ningebaki na faili ileile ya .rsc, ila ruta iifuate yenyewe kwa HTTPS, inayoficha data njiani, usiku na pia inapowaka, kwa amri ya fetch, na FTP izimwe. Weka check-certificate=yes, la sivyo ruta haihakiki cheti cha seva. Saa nayo isahihishwe kwa NTP (huduma ya saa mtandaoni) kabla ya fetch: ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa, na stima ikirudi zinaamka na tarehe ya zamani, cheti kizuri kikakataliwa. Tena kila ruta ipewe dakika yake, maana stima ya Kisauni nzima hurudi kwa mpigo, na ruta 200 zikibisha hodi pamoja seva ndogo haitawafungulia wote.